Mkwe, Ufagio na Gari la Rangi Tatu

Hii nimeletewa na wifi yangu, naye aliletewa na mtu wa kwaya yao, na huyo wa kwaya anaapa kwamba mwenye gari anamjua. Mimi simjui. Ninachojua ni kwamba nilicheka peke yangu jikoni mpaka mboga ikaungua, kwa hiyo nakutumia na wewe. Kama una mama mkwe, isome ukiwa umekaa, kisha mpelekee mwenzako mwenye mama mkwe.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa jiografia huko Dodoma, akiitwa Mwalimu Ndahani. Mtu mpole, mtu wa tai, mtu wa kuitikia salamu hata ya mlevi. Alikuwa na mke wake, Sechelela, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nyemo kwa jina la binti yao. Na alikuwa na gari.

Gari hilo tulieleze taratibu. Lilitoka kiwandani likiwa jekundu, lakini jua la Dodoma lilikuwa limeunyonya wekundu ule mpaka ukawa wa nyanya iliyosahauliwa dirishani. Mlango wa dereva ulikuwa wa bluu, kwa sababu ulitoka kwenye gari jingine. Boneti lilikuwa jeupe, na boneti nalo lina historia yake ambayo mwenyewe hapendi kuulizwa. Kutembea lilitembea vizuri tu. Shida yake ilikuwa macho ya watu.

Basi Nyemo alipofikia kupata kipaimara, Mwalimu aliendesha gari hilo mpaka kijijini kwa wakwe zake, upande wa Mpwapwa, kumchukua mama mkwe wake aje kwenye sherehe. Jina lake Bi Matika, mjane. Ukoo mzima ukatoka kupokea mgeni. Mjomba mmoja wa mkewe, mzee mwenye macho hafifu, akasimama akaliangalia gari kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa nia njema kabisa:

"Yamekuja magari mangapi?"

Watu walicheka mpaka mbuzi wakatawanyika. Mwalimu naye akacheka, maana ukweni utafanya nini, lakini lile neno lilimwingia. Alipokuwa anamfungulia mama mkwe mlango, akatamka mbele ya wote kwamba siku ya kumrudisha mama yao atamrudisha kwa gari la rangi moja. Wakampigia makofi. Ahadi ya ukweni ukishaitoa huna pa kuirudishia.

Kipaimara kikapita, wali ukaliwa, wageni wakaondoka. Bi Matika akabaki, akisubiri gari la rangi moja.

Hapa niwaeleze kidogo waliokulia mbali na mambo haya. Katika ukoo ule, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kupishana. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala hawaambiani makosa. Mwenye jambo na mwenzake hulipitisha kwa Sechelela, ambaye kwa huyu ni mke na kwa yule ni mwana. Bi Matika alipewa sebule, kwa hiyo Mwalimu alihamia chumbani na sahani yake na redio yake. Akitaka maji ya kunywa, alikohoa kwanza mlangoni. Ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe alishinda amefunga vifungo vyote vya shati, na joto lile. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa mama mkwe utampaje jembe? Unampa sebule, unanyamaza.

Ndiyo maana nasema Mwalimu alilitamani gari lile likamilike kuliko alivyotamani likizo.

Mtu atauliza kwa nini hakulipeleka gereji. Jirani yake alipeleka la kwake kwa fundi, akaambiwa aje kulichukua Ijumaa. Mwaka hakutajiwa. Mwalimu akaona bora alipige rangi mwenyewe, palepale uwanjani kwake, shule ikifungwa.

Na alifanya kwa akili, tusimwonee. Alikwenda kwa muuza rangi mmoja mjini, bwana mnene aitwaye Chedego, akamsikiliza kama mwanafunzi wa mstari wa mbele. Chedego akamweleza kwamba kupuliza rangi ndiyo kazi ndogo, kazi kubwa ni maandalizi. Akwangue kutu yote. Mashimo ayajaze puti. Apige msasa mpaka kiganja kikipita juu ya bati kisikwame popote. Aoshe, akaushe, abandike magazeti kwenye vioo, apulize praima, ile rangi ya chini, apige msasa tena, ndipo aanze kuifikiria rangi. Na rangi yenyewe aipulize jioni upepo ukitulia, kisha aiache mpaka jua la kesho yake lipande.

"Na vumbi, Mwalimu," Chedego akamalizia. "Vumbi likiikuta rangi mbichi, umeanza upya."

Mwalimu akaenda kukwangua. Alikwangua, akajaza, akasugua mpaka ngozi ya vidole ikawa laini kuliko bati. Kila mpita njia alisimama kumpa ushauri, maana kwetu mtu mmoja akishika msasa mtaa mzima unakuwa na ufundi. Mashine ya kupulizia aliazima. Rangi alichagua Sechelela: maruni iliyokolea, rangi nzuri sana na isiyoficha kitu.

Jioni moja tulivu akapuliza. Mlango wa bluu ukamezwa, boneti jeupe likamezwa, likabaki gari moja la rangi moja. Mwalimu akalizunguka huku ameshika kiuno, akamwita mkewe aje aone, akaenda kulala usingizi wa mtu aliyemaliza kusahihisha mitihani.

Alfajiri akaamshwa na sauti uwanjani. Chwaa, chwaa, chwaa.

Bi Matika alikuwa anafagia.

Nani angemlaumu? Mwanamke aliyelelewa kwa adabu za zamani haachi jua limkute uwanja haujafagiliwa. Lakini vumbi la Dodoma ni jepesi, halihitaji kubembelezwa liruke. Mwalimu alipotoka nje, maruni yake ilikuwa kama andazi lililoviringishwa kwenye sukari. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni, ameinamisha macho, ufagio ameuficha nyuma.

"Shikamoo mama," Mwalimu akasema, akiuangalia ukuta.

"Marahaba, Baba Nyemo. Gari limependeza."

Mwalimu akakohoa, akaenda kutafuta msasa.

Malalamiko aliyapeleka kwa mkewe. Sechelela alimtazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. Kwao, alisema, ukimzuia mama kushika ufagio umemwambia mikono yake imekuchosha, naye atafunga mzigo wake siku hiyohiyo aondoke kwa miguu. Hata hivyo alijaribu. Walipokuwa wanachambua mchele alimgusia mama yake, kwa mbali sana, kwamba rangi mbichi haipendi vumbi. Bi Matika akakubali kwa kichwa. Akasema hata yeye vumbi halipendi, na ndiyo sababu hufagia.

Mwalimu akapiga msasa, akafuta, akapuliza upya. Safari hii aliuchukua ufagio jioni akautupa juu ya paa la jiko. Alfajiri, chwaa, chwaa. Mama mkwe alikuwa amekata vijiti porini tangu jana yake akajifungia ufagio mwingine, mrefu kuliko wa kwanza.

Akapiga msasa tena, akapuliza tena, na jioni ile akamwagilia uwanja wote maji ili vumbi lilale. Bi Matika akamsifu kwa majirani kwamba hajapata kuona mkwe anayejali uwanja namna ile. Kulipokucha akapaacha palipolowa, akafagia nyuma ya jiko, pakavu, upande ule upepo unakotokea. Mwalimu alifundisha pepo kwa miaka mingi, na asubuhi ile alizishuhudia kazini.

Basi akaona dawa ni kufagia mwenyewe jioni, uwanja wote mpaka nyuma ya jiko, ili alfajiri mama asikute kazi. Akafagia, hata kabla ya kupuliza. Jirani yao, Mama Chilongani, akamwona, na kwenye mazoezi ya kwaya habari ikafika kwamba Mama Nyemo siku hizi anafagisha mume huku mama yake mzazi yumo ndani. Sechelela alirudi kutoka kwaya amevimba.

"Ukishika ufagio tena," akamwambia mumewe, "na mimi nitashika msasa nikusugue wewe."

Hakusema kwa utani. Na usiku ule alimgeuzia mgongo. Mwalimu akaona sasa mambo yameharibika pande zote: gari limejaa vumbi, mke amenuna, shule zinakaribia kufunguliwa, na kijijini wamekwisha kutuma salamu kuuliza mama yao atarudi lini.

Jioni iliyofuata Sechelela akafagia mwenyewe, Mwalimu akapuliza tena, akaamua kulinda. Hakutaka kumkamata mtu, Mungu apishe mbali. Alitaka tu awe ndani ya gari kabla hakujapambazuka, na mama akija na ufagio akohoe, kama alivyozoea kukohoa mlangoni. Mama atasikia kuna mwanamume, ataona haya, atarudi ndani. Heshima itabaki na rangi itakauka.

Alfajiri akanyata, akaingia kupitia mlango alioushindika makusudi, akalala kiti cha nyuma katikati ya harufu kali ya thina, ile dawa ya kuzimulia rangi. Vioo vyote vilikuwa vimebandikwa magazeti, lakini dirisha moja lilikuwa limeshushwa kioo, na gazeti lake limechanika kidogo kwenye habari za michezo, akaweka jicho hapo.

Bi Matika akatoka. Uwanja ulikuwa safi, hauna hata jani. Alitazama huku na huku, akauegemeza ufagio ukutani, akaenda nyuma ya jiko. Alirudi na ungo umejaa vumbi kavu.

Mwalimu akasahau kukohoa.

Mama mkwe alisimama mbele ya gari kama mtu anayesimama mbele ya mwenzake. Akaanza kusema nalo kwa sauti ya chini.

"Unisamehe, gari. Wewe huna kosa. Na mkwe wangu hana kosa, kijana wa watu anakesha anakusugua. Ila wewe ukikauka, mimi naondoka."

Akaupepeta ungo kidogo, kwa ustadi wa mtu aliyepepeta nafaka maisha yake yote. Vumbi likapanda, likaelea, likatua juu ya boneti bila haraka.

"Huku nasikia watu," akaendelea. "Nyemo anaimba akioga. Huyu mkwe wangu anakohoa, najua yupo. Kule kwangu, tangu baba yao afe, naamka nafagia uwanja ambao hakuna aliyeukanyaga. Jioni naongea na kuku, na kuku wanalala mapema."

Akapepeta tena. Mwalimu ndani ya gari macho yakamtoka machozi. Mwenyewe husema ilikuwa thina. Tumwachie thina yake. Lakini amewahi kukiri kwamba aliona aibu iliyompita kimo, kwa sababu siku zote zile alikuwa anaililia sebule yake, na hakujiuliza hata mara moja mama yule anarudi kwa nani.

Sasa vumbi halina huruma na wanaolia. Lilipenya kwenye lile tundu la gazeti, likamwingia puani. Alijibana pua, akajifunika kwa mkono, akauma shati. Wapi. Gari likapiga chafya.

Ungo ukasimama hewani. Jogoo wa jirani akajikung'uta.

"Pole," Bi Matika akaliambia gari. "Leo nimezidisha."

Akachukua ungo wake, akaenda zake polepole. Kama alijua kuna mtu au hakujua, mpaka leo hakuna anayejua, maana kwa mila zao swali hilo halina wa kuliuliza. Mwalimu alibaki amelala palepale. Angetoka, mama angejua kwamba ameonekana, na aibu ya namna hiyo kati ya wakwe haioshwi kwa mbuzi mmoja. Akaivumilia thina mpaka jua likapanda na mama akaingia ndani kunywa uji, ndipo akatoka akiwa na macho mekundu, shati limeshikana na kiti.

Mkewe alimkuta bafuni akijimwagia maji, akamuuliza alikuwa wapi. Akajibu kwamba alikuwa anakagua rangi. Siku ile hakumwambia zaidi ya hapo.

Mchana ule, Bi Matika akiwa nyuma ya nyumba anatwanga karanga, Mwalimu alisimama dirishani akamwita mkewe kwa sauti ya darasani, ile inayofika viti vya nyuma.

"Mama Nyemo, kuna neno nataka umfikishie mama."

Mchi ukapunguza mwendo.

"Mwambie gari likikauka tutakwenda naye nyumbani kwake."

Mchi ukanyamaza kabisa. Sechelela akamkazia mumewe macho, kwa sababu mtu hamfukuzi mama wa mtu kwa kupiga kelele dirishani. Mwalimu akaendelea.

"Mwambie tutakwenda kufunga nyumba na kuchukua kuku wake. Nitawajengea banda pale kwenye ukuta. Akitaka kwenda kuliona kaburi la baba, au kusalimia ndugu, gari lipo, nitampeleka na nitamrudisha hapa. Nyumba hii tumo watatu tu, wewe, Nyemo na mimi, na ninaona bado ni kubwa. Aamue mwenyewe, lakini mwambie mimi nimeomba."

Sechelela alisimama na mwiko mkononi. Akaweka mwiko chini akamshika mumewe mkono, mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya ndoa. Halafu akatoka kwenda nyuma ya nyumba kupeleka ujumbe ambao mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuusikia.

Alikaa huko muda. Mwalimu aliendelea kusimama dirishani akijifanya anatazama mawingu, ingawa hapakuwa na wingu hata la kusingizia. Hatimaye mchi ukaanza kugonga tena, safari hii kwa kasi, na Sechelela akarudi.

"Mama anasema jogoo wake ni mkorofi," akasema. "Anauliza kama utamweza."

Mwalimu akasema atamweza.

Jioni akashika msasa kwa mara ya mwisho, msasa laini kabisa wa kusugulia na maji. Na hapa ndipo alipogundua jambo ambalo kwa hasira zake zote hakuwa ameliona. Kwa kusuguliwa na kupakwa, kusuguliwa na kupakwa, kila vumbi lilipotua, bati lile lilikuwa limekuwa kama kioo. Hakuna bonde, hakuna alama ya puti, mlango wa kubandikwa haukujulikana kuwa ulizaliwa kwingine. Kama angeachwa akamaliza ile jioni ya kwanza, gari lisingefika nusu ya hapo. Akapuliza rangi, akaiweka mashine, akaenda kulala. Usingizi haukuja vizuri. Alikuwa anasikiliza.

Alfajiri ikafika. Majogoo wakawika. Uwanja wa jirani ukafagiliwa, na wa jirani wa pili. Uwanjani kwa Mwalimu, kimya.

Kukapambazuka, kimya. Sechelela akaingiwa na hofu, maana tangu azaliwe hakuwahi kuona jua linachomoza kabla ya ufagio wa mama yake. Akajifunga kanga haraka, akaenda sebuleni na kuufungua mlango akiwa amejiandaa kukuta mgonjwa.

Bi Matika alikuwa amekaa kwenye kochi, ameshavaa gauni lake la kanisani na viatu, mikono ameilaza mapajani.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi," akasema. "Nasubiri ikauke."

Funzo: Kabla hujamkasirikia anayekuharibia kazi, jiulize kazi hiyo ikikamilika yeye atabaki na nani.